Moyo Mmoja, Bangili Kumi na Moja

Kwa siku mia nne na kumi na mbili hakuna mtu aliyeumwa katika kitongoji cha Chihembe.

Si mafua, si kuhara, si hata mtoto mchanga kupata joto la kuota meno. Ukutani, kwenye Kituo cha Ramani ya Afya, wilaya nzima ilikuwa ikibadilika rangi kama kawaida yake, njano huku, nyekundu kule, kila bangili kwenye kila mkono ikileta habari za mwenye nayo. Chihembe peke yake kilikaa kijani. Nyamizi Kasubi alikitazama asubuhi ile mpaka chai yake ya maziwa ikafanya utando, na roho yake ikakataa katakata.

Alikuwa mchambuzi wa takwimu kwa miaka kumi na tisa, mtu wa Tabora aliyehamia nchi ya Wagogo akazoea vumbi lake, na kazi ilikuwa imemfundisha kwamba afya ya watu wengi haina adabu. Leo huyu anakohoa, kesho yule kateguka mguu. Tena ulikuwa msimu wa homa ya papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuuma watu waliolala. Vitongoji vyote vya nyumba za tembe, zile zenye kuta na paa za udongo, vilikuwa vimeshaanza kuwa vyekundu. Chihembe kilikuwa na tembe sitini na mbili, na homa hata moja hakikuwa nayo.

"Unakiona kijani kile?" Daktari Mbonea, mkuu wa kituo, aliingia akiwa na tabasamu la mtu aliyeahidiwa kitu. "Ijumaa wageni wanakuja kuwakabidhi ngao ya Kitongoji cha Mfano. Zahanati yao tunaifunga, nesi anakwenda kwenye uhitaji. Imebaki saini yako tu."

"Dawa zao je?"

"Dawa za nini? Dawa haziendi mahali pasipoumwa. Na za papasi unajua mwenyewe, zimeisha wilaya nzima."

Nyamizi alijua, kwa sababu aliambiwa hivyo miaka minne iliyopita pia, kitongoji cha Mlanga kilipokuwa chekundu. Homa kumi ndani ya mwezi mmoja, kiwango kikatimia, na Ramani ikatoa uamuzi: tembe zivunjwe, watu wahamishiwe kwenye makazi safi. Tingatinga lilifika siku ya kumi na tisa. Takwimu za Mlanga zilipendeza sana baada ya hapo, maana hakukuwa tena na Mlanga. Ripoti iliyoita tingatinga lile ilikuwa na saini ya Nyamizi, na mpaka leo hakupenda kupita barabara ile.

"Nipe siku mbili, Daktari."

"Za nini?"

"Za kuamini," alisema, naye Daktari Mbonea akacheka, lakini alipofika mlangoni aligeuka na kumtazama mara ya pili.

Alipobaki peke yake, Nyamizi alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumtuma akifanye. Bangili husoma joto, damu na mapigo ya moyo. Ramani hukusanya joto na damu, lakini mapigo huyahesabu tu, ngapi kwa dakika, basi. Haiangalii mwendo wake. Na moyo una mwendo. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na nafasi hizo hazilingani, hurefuka na kufupika kwa namna ambayo kila mtu ana ya kwake, kama mwandiko. Nyamizi aliyatandaza mapigo ya Chihembe juu ya meza ya kioo, mstari kwa mstari, akawa anayatazama kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika karatasi kumi na moja, na mwingine mbili.

Mzee wa miaka sabini na tisa, msichana wa kumi na sita, mama wa watoto sita, fundi baiskeli mwenye pumu: majina kumi na moja, moyo mmoja. Ulipanda kilima nao wote wakapanda. Saa nane mchana wa jana ulikimbia kwa dakika nne nao wote wakakimbia, hata yule mzee, kisha wakapumzika pamoja.

Kwanza aliwaza kwamba wamekufa na mtu anawaficha. Kisha akawaza kitu kibaya zaidi, kwamba hapa hapa kituoni kuna mkono unaonakili moyo wa mtu mmoja na kuupachika kwa wengine ili kijani kisichafuke kabla ya Ijumaa. Nani alikuwa na funguo za kumbukumbu zaidi yake? Mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akitaka saini.

Hakumuaga mtu. Alichukua kishikwambi chake na pikipiki ya umeme ya kituo, akaondoka.

*

Chihembe kilimpokea vizuri mno, na hilo nalo alilitilia shaka.

Ilikuwa saa tano, jua la kupasua kichwa, alizeti zimeanikwa uani mwa kila nyumba, na watu wote waliotoka kumlaki walikuwa wamejifunika. Migolole, mashati ya mikono mirefu, khanga zimeviringwa mpaka kwenye vidole. Katika joto lile hata mbuzi walikuwa wamekimbilia kivulini.

"Mbukwenyi!" aliwasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu." Aliyejibu alikuwa bibi mfupi mwenye macho makali, Bibi Nyendo, balozi wa nyumba kumi. "Umetumwa, au umekuja?"

"Nimekuja, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Nyamizi."

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma.

"Nyamizi wa Mlanga," alisema bibi, na hakuwa anauliza.

"Wa Tabora, bibi."

"Ahaa! Mnyamwezi! Mtani wetu kabisa. Basi fungieni kuku, jamani, mwizi kaja." Watu wakacheka, lakini macho yao hayakuwemo kwenye kicheko.

Alikalishwa kwenye kigoda barazani. Alipotoa mkono kusalimia, walimpa kiwiko. Alipouliza habari za afya walijibu nzuri, nzuri sana, tena kwa pamoja, kama wanafunzi wa darasa la pili. Ndani ya tembe iliyokuwa nyuma yake mtu alikohoa, na papo hapo akina mama watatu wakaanza kuimba wimbo wa kupepeta.

Nyamizi hakubishana. Aliweka kishikwambi mapajani, akaita ile mistari kumi na moja. Moyo ule ulikuwa unapiga taratibu, sabini na moja. Kama ulikuwa wa kunakiliwa kituoni, ungeendelea hivyo hivyo hata afanye nini hapa.

"Bibi, naomba maji ya kunywa. Ya kisimani, kama yapo. Ya kwenye mtungi yananisumbua tumbo."

"Ndahani!" bibi aliita. "Mletee mgeni maji. Kimbia!"

Mwanamume mmoja wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye miguu ya mchungaji, alishika ndoo akatimka kuelekea bondeni. Nyamizi aliinamisha macho. Themanini. Tisini na tano. Mia na kumi. Mistari yote kumi na moja ikapanda pamoja, mzee wa sabini na tisa na msichana wa kumi na sita wakikimbilia kisimani kwa miguu ya Ndahani.

Kwa hiyo hapakuwa na mkono kituoni. Alipaswa kufurahi, lakini alijiona mjinga kwa kumshuku bosi wake, na papo hapo akaanza kuwashuku hawa waliomzunguka.

Ndahani aliporudi akihema, Nyamizi alipokea kikombe kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine akamkamata kifundo. Mkono wa mwanamume yule ulilia kama kabati la vyombo. Nyamizi alipandisha mkono wa shati. Bangili sita zilikuwa zimepangana mpaka karibu na kiwiko, na mkono wa pili nao ulikuwa na tano.

"Yako ni ipi?" aliuliza.

"Hii ya mwisho," alisema Ndahani, na kwa mshangao wa Nyamizi hakuonekana kuona haya hata kidogo. "Hizi zingine ni za watani zangu."

*

Walimweleza, maana lilikuwa limeshafichuka.

Mtani, alisema Bibi Nyendo, ndiye anayebeba kile ambacho ndugu hawezi kukibeba. Msibani ndugu analia, mtani anaoga vumbi, anamwigiza marehemu, anachekesha, anaamuru. Akitaka kitu chako, unampa. Humnyimi mtani. Basi baada ya Mlanga watu walikaa wakafikiri: mtu akishikwa na homa, mtani wake mzima aje amwombe bangili. Mgonjwa hawezi kukataa. Wanapaka mikono mafuta ya alizeti, wanashikana kiganja kwa kiganja, bangili inateleza kutoka mkono mmoja hadi mwingine kabla ya hesabu ya ishirini, maana ikikosa mapigo kwa muda huo inapiga kelele kituoni. Mgonjwa anaugua bila jina. Akipona, anarudishiwa.

"Na asipopona?" Nyamizi aliuliza.

Yule mtu alikohoa tena, na safari hii hakuna aliyeimba.

Nyamizi aliinuka akaingia. Ndani ya tembe kulikuwa na giza la baridi na harufu ya moshi. Mwanamke kijana alikuwa amelala kwenye ngozi, midomo imepasuka, mikono mitupu, tumbo limejaa. Nyamizi alimgusa paji la uso akautoa mkono haraka.

"Ni mjukuu wangu, Sechelela," alisema bibi nyuma yake, na ule ukali wote ulikuwa umemtoka. "Homa imerudi mara ya tatu. Miezi saba. Yule wa kwanza tulimzika mwaka jana, msimu huu huu, hata jina hajapewa."

"Mbona hamkumpeleka hata zahanati?"

"Mlangoni wanasoma nini, mwanangu? Si bangili? Akienda bila bangili, hana jina, hatibiwi. Akienda nayo, homa inaandikwa Chihembe. Nyuma yake wapo kumi. Hesabu mwenyewe, wewe si ndiye mwenye hesabu."

Nyamizi alihesabu. Kumi na moja. Zinatosha tingatinga, na moja ya ziada.

Hasira ilimpanda, na hakujua amkasirikie nani. Watu hawa walikuwa wameificha homa mpaka dawa zikaacha kuja, wakaendelea kuificha kwa sababu wasipoificha watavunjiwa. Uongo wao ulikuwa unawaua, na ukweli wa Nyamizi ndio uliowafundisha kudanganya. Kama angesaini, zahanati ingefungwa na Sechelela angekufa kimya kimya katika kitongoji cha mfano. Kama angeandika alichokiona, wangevunjiwa ukuta huu huu aliokuwa ameuegemea.

Akautazama mkono wake. Bangili yake ilikuwa sawa na zao, ya chuma kile kile, ila namba yake ilikuwa imeandikishwa kwenye nyumba za watumishi, mtaa wa lami, paa la vigae. Kwa miaka minne kulikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza: homa ile ile ingejibiwaje chini ya paa la vigae?

"Leteni mafuta," alisema.

"Unataka nini?" Bibi Nyendo alimtazama kwa mashaka.

"Mimi si mtani wenu? Basi nataka homa ya huyu mtoto. Mninyime muone."

Ndahani ndiye aliyeleta kibuyu. Walimpaka Nyamizi mpaka kwenye kiwiko, wakampaka na Sechelela, viganja vikakutana, kimoja kikavu cha ofisini, kingine kinachoungua. Bangili ilikwama kwenye kifundo cha kidole gumba. Nane, tisa, kumi. Bibi aliisukuma kwa nguvu, ikateleza, ikatulia kwenye mkono wa mgonjwa. Kumi na saba. Kwenye kishikwambi, nyumba namba nne mtaa wa watumishi ikabadilika rangi: Nyamizi Kasubi, joto thelathini na tisa na nukta nane.

Wakakaa kungoja. Nyamizi alijiambia kwamba hakuna kitakachokuja, kwamba dawa zimeisha wilaya nzima, na sehemu yake moja iliomba kweli zisije, ili ya Mlanga yabaki kuwa bahati mbaya tu.

Droni ilitua uani baada ya dakika thelathini na nane, ikatawanya alizeti na kuku. Ilifuata bangili kama ilivyofundishwa. Kisanduku kilikuwa na dozi moja ya sindano za homa ya papasi, jina lake limechapwa juu, na karatasi: timu ya kupuliza dawa itafika nyumbani kwako kesho, samahani kwa usumbufu. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa ya mwaka jana.

Kwa hiyo zilikuwepo, dawa, unga wa kupuliza, na hata samahani. Hazikuwa zimeisha; zilikuwa zinachagua paa.

Nyamizi alimchoma Sechelela sindano ya kwanza. Alikuwa bado ameshika pamba kishikwambi kilipolia kwa mlio wa furaha, ule wa matarumbeta ambao Ramani huutumia mara chache.

"Hongera, Mama Nyamizi! Una ujauzito wa wiki thelathini na moja. Umepangiwa kliniki."

Alisoma mara mbili. Ndahani, aliyekuwa anasoma juu ya bega lake, alisoma kwa sauti, na nyumba nzima ikaangua kicheko, hata Sechelela alitikisika kidogo kwenye ngozi yake.

"Wewe msomi gani!" Bibi Nyendo alijifuta machozi. "Mwenye mimba anavaliwa na mwenye mimba! Ya Sechelela tumempa mke wa Ndahani, miezi ile ile. Hata mbuzi wa hapa anajua hilo!"

Nyamizi hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliishi miaka tisa ndani ya ndoa akilisubiri neno hilo moja, akaondoka Tabora bila kuambiwa, na sasa alikuwa ameambiwa na mashine. Lilimuuma kiasi kwamba alikaa chini. Yeye aliyewanasa kwa moyo, alikuwa amenaswa kwa tumbo.

Kisha simu ikaita.

"Nyamizi." Sauti ya Daktari Mbonea ilikuwa ya upole, na upole ule ulimtia hofu. "Jana hukuwa mjamzito."

"Hapana, Daktari."

"Na bangili yako iko Chihembe, ina homa. Mashine hukosea. Ukiniambia imekosea, naifuta kumbukumbu sasa hivi. Utarudi, utasaini, Ijumaa tutakwenda kula pilau yao. Hakuna atakayevunjiwa kitu."

"Dawa zipo, Daktari. Ulijua?"

"Nimekuuliza kama mashine imekosea."

Kumbe Daktari alijua. Nyamizi aliifunika simu kwa kiganja. Wote walikuwa wamesikia. Tembe ni ndogo na simu ilikuwa na sauti kubwa. Ingekuwa rahisi. Sechelela alikuwa na dawa zake, nyumba zingebaki zimesimama, na yeye angebaki na kazi. Wangebaki wale kumi, wasio na jina wala sindano, na msimu ndiyo kwanza unaanza. Ushahidi alikuwa nao mmoja tu duniani: homa moja, siku moja, mkono mmoja, na kilichokuja kwa sababu ya jina lake. Lakini hakuweza kuuonyesha bila kusema bangili ilikuwa mkononi mwa nani. Angepoteza kazi, labda angefungwa. Na wao wangeweza kuvunjiwa kabla mtu hajamaliza kusoma ripoti.

Kule Mlanga hakuwauliza watu.

"Nikiandika, wanaweza kuja na tingatinga," aliwaambia. "Sitawadanganya. Nisipoandika, nyumba zinabaki, dawa haziji. Semeni nyinyi."

Walitazamana. Bibi Nyendo alipapasa ukuta, udongo ambao mumewe aliukandika kwa mikono yake. Aliyesema alikuwa Sechelela, kwa sauti ya kukwaruza.

"Yule wa kwanza hakuandikwa popote, dada. Huyu aandikwe."

Ndahani akatoka uani, akachukua kibuyu cha mafuta, akaita jina la kwanza. Fundi baiskeli alitoka nyumbani kwake akiwa ameshikwa mkono, anatetemeka chini ya blanketi. Kiganja kwa kiganja, bangili ikarudi kwa mwenyewe, na kwenye kishikwambi doa moja jekundu likatokea katikati ya kijani cha Chihembe. Ndahani akaita la pili.

"Nyamizi?" simu ilisema. "Mashine imekosea?"

"Nitakujibu kwa maandishi," alisema, akaikata.

Alikaa kwenye kigoda barazani, mkono mtupu ukiwa bado unang'aa mafuta, akafungua ripoti mpya. Mlinganisho wa tembe na nyumba yake angeuweka, mistari ya moyo angeiweka, na kisanduku chenye tarehe yake, na Mlanga, yote. Lakini hakuna ambalo lingeaminika kabla ya lile moja, na hilo lilimchukua muda mrefu kuliko mengine yote kuliandika. Doa la saba lilikuwa limeshatokea alipoanza.

*Mimi, Nyamizi Kasubi, sina mimba.*